Mnamwitaje Mkitaka Aje?

Nilimsikia kabla ya kumwona. Tulikuwa tumepangwa mstari nje ya darasa la kwanza, sare zetu bado zina mikunjo ya dukani, na kutoka ndani ikaja sauti ya vitu vingi vidogo vya bati vikimwagwa sakafuni. Vilitawanyika, vikajigonga ukutani, kisha vikanyamaza kimoja kimoja. Mtoto aliyekuwa mbele yangu alianza kulia. Mlango ulipofunguliwa tuliona vizibo vya soda vimetapakaa chini, mamia kwa mamia, na katikati yake mwanamume mrefu amechuchumaa, magoti yakikaribia masikio, akitutazama kama mtu aliyeanza mchezo bila wenzake.

Hakutuambia tukae. Alisema, kwa Kiswahili na kisha kwa Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, kila mmoja achote vizibo kwa mkono mmoja, vingi awezavyo. Tukachota. Akapita akiuliza nani ana vingapi. Aliyejua kuhesabu alitaja. Asiyejua alivipanga mstari sakafuni, naye akapanga vyake pembeni mpaka mistari miwili ikalingana. Msichana mmoja, ambaye babu zake walivuka kutoka Burundi wakati wa vita wakabaki kulima Mugoma, alihesabu kwa Kirundi kwa sababu hakuwa na lugha nyingine. Sisi tulicheka, ingawa Kirundi na Kihangaza vinakaribiana mno na tulielewa kila neno. Mwalimu hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kweli, ni kumi na moja," akaendelea na mwingine.

Kijiji chetu kizima cha Ntobeye kilimwita Mwalimu wa Darasa la Kwanza, hata alipostaafu, nami hapa sitamwita vingine. Lilikuwa jina lenye mzaha ndani yake. Darasa la kwanza kwa kawaida hupewa walimu wa kike, na wanaume waliokaa kwenye benchi la duka la mbegu walipenda kumuuliza kama leo watoto wamelala vizuri, kama ameshawabadilisha nepi. Aliwajibu kwamba wamelala, na kwamba baadhi ya hao wa benchi aliwafundisha yeye na hawajaamka mpaka leo. Wakacheka, akapita na baiskeli yake.

Nimeanza na utani kwa sababu mengi yatakayofuata hayana utani. Katika miaka yote niliyomfahamu, kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mwalimu alitaka kwenda kumwona, na hakuwa amekwenda. Kila kitu nilichokijua kumhusu, na kila kitu nilichokipenda, kilitokana na mtu huyo.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila Januari, kabla ya kufundisha herufi hata moja, alizunguka nyumba za wanafunzi wake wapya. Nyumba zote. Alikwenda kwa baiskeli mpaka njia ilipoishia, kisha kwa miguu kati ya migomba, akiwa na daftari moja lililofungwa kwa mpira wa tairi. Alikaribishwa, akapewa kigoda, akapewa maji, akaulizwa habari za shule. Kisha aliuliza swali moja tu: "Huyu mtoto, mnamwitaje mkitaka aje?"

Wazazi walishangaa. Walitarajia mwalimu aulize michango ya shule, au kama mtoto ana viatu. Walidhani anauliza jina. Akafafanua: mtoto yuko mbali, anacheza, nyinyi mnamtaka nyumbani. Mnafanya nini?

Majibu aliyaandika kama yalivyotoka. Mama mmoja alisema wa kwake haitiki, mpaka aguswe bega. Baba mmoja alisema wanamwita kwa sauti na anakuja mara moja, ila kila siku hujikwaa kwenye kinu, kinu ambacho hakijawahi kuhamishwa tangu mtoto azaliwe. Bibi mmoja alisema wanapaswa kumwita kwa jina la marehemu mama yake, vinginevyo anajificha. Katika nyumba moja kaka mtu alijibu kwa niaba ya wote kwamba mdogo wake haitwi, anakuja kabla, akisikia tu hatua za baba. Jibu hilo Mwalimu aliliandika, akafunga daftari, akakaa pale akinywa maji mpaka yakaisha kwenye kikombe. Kwetu mama alisema, "Huyu haji. Tunamfuata."

Kwa hiyo mimi nilifuatwa. Sikumbuki aliwahi kuniita mbele ya darasa. Alikuja kwenye dawati langu, akasimama kando, akaanza kufanya hesabu kwenye kona ya daftari langu na kuikosea makusudi, mpaka nikashindwa kuvumilia nikamsahihisha. Yule wa kinu alikaa dawati la mbele, nusu hatua kutoka ubaoni, na alama kubwa za chaki alizichorewa yeye kwanza. Aliyeguswa bega aliguswa bega. Yule aliyekuja kabla ya kuitwa alipewa kazi ya kugawa madaftari, kazi ya polepole isiyoweza kukosewa, na kwa miezi mingi hakuulizwa swali lolote kwa sauti.

Wakati ule tulidhani walimu wote ndivyo walivyo. Darasa la pili lilitufundisha vingine.

Walimu wenzake hawakumwelewa sana, na wengine hawakumpenda. Chumba chake kilikuwa na makelele. Kundi moja linapanga vizibo, jingine linachora herufi kwenye mchanga uliomwagwa ndani ya sinia, jingine linaimba, watoto wawili wako nje wanapima ukuta kwa mikono yao. Mwalimu mkuu alisema lile si darasa bali ngoma ya harusi. Alimkumbusha kwamba silabasi haimsubiri mtu.

"Basi itangulie," alijibu. "Sisi tutaikuta."

Alipokuja mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani, akataka andalio la somo, Mwalimu alimpa lile daftari lenye mpira wa tairi. Mthibiti alisoma kurasa mbili, zilizojaa mabega, vinu na majina ya marehemu, akauliza hili ni andalio la somo gani. Mwalimu alisema ni la yote. Inasemekana barua aliyoandikiwa baada ya hapo ilikuwa na maneno makali. Aliikunja akaiweka chini ya mguu wa dawati uliokuwa mfupi.

Mafunzo ya kazini aliyachukia. Aliitwa mjini Ngara, akakalishwa ukumbini na wenzake, na wawezeshaji wakawaeleza kwa saa sita mfululizo kwamba si vizuri kumwelezea mwanafunzi kwa saa sita mfululizo. Alikuwa akisinzia waziwazi. Jioni, wenzake walipokimbilia chakula, alikusanya karatasi kubwa zilizobaki na kalamu za rangi zilizoanza kukauka, akarudi nazo Ntobeye amezifunga nyuma ya baiskeli.

Alikuwa na kauli tatu au nne ambazo wanafunzi wake wa zamani bado tunazitumia tukikutana. Mtoto aliyenong'ona jibu, hakumwambia aongeze sauti. Alisema, "Mimi ndiye sijasikia," akasogea. Na jibu sahihi lilipopatikana, pale ambapo sisi wenye haraka tulitaka makofi, aliuliza, "Nani ana njia nyingine?" Swali hilo lilituudhi. Jibu si limeshapatikana? Lakini ndipo mtoto wa nyuma, aliyehesabu kwa vidole vya miguu, alipoinua mkono. Aliyeandika "kurara" kwa sababu nyumbani kwao ndivyo linavyotamkwa, aliwekewa alama ya vema, kisha "kulala" likaandikwa chini yake kwa penseli, bila wino mwekundu.

Lakini sitaki kumfanya mtakatifu, na mwenyewe angenikataza. Alikuwa na ukali wa ajabu juu ya kucha. Mtoto mwenye kucha chafu alirudishwa nyumbani, hata kama nyumbani ni saa nzima ya kupanda mlima, na asubuhi hiyo yote ya masomo ikapotea. Mara ngapi nilitaka kumuuliza jinsi mtu anayejali bega la mtoto anavyoweza kutojali miguu yake. Na nyumbani kwake subira ile ilimwishia mlangoni. Mwanawe wa kwanza alishindwa mtihani wa darasa la saba, na majirani walisikia Mwalimu akimwambia maneno ambayo asingemwambia mtoto wa mtu. Kijana yule yuko Kahama sasa, fundi wa pikipiki, na huja nyumbani mara chache.

Mkewe aliwahi kuniambia, tukimenya ndizi, kwamba mume wake humsikiliza kila mtoto wa Ngara kasoro wake. Alisema bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa.

Kitu kimoja zaidi kilichowashangaza watu ni viti. Katika shule zetu watoto hupangwa kwa kimo: wafupi mbele, warefu nyuma, mpaka Desemba. Ni desturi, na ina mantiki yake. Kwa Mwalimu hakuna aliyekuwa na kiti. Kila Jumatatu alituhamisha, na wazazi warefu wenye watoto warefu walikuja kumlalamikia kwamba wao hawakuwahi kukaa mbele na walifaulu. Aliwasikiliza. Jumatatu iliyofuata alituhamisha tena.

Kisa cha viti hivyo alinisimulia mimi nilipokuwa nimemaliza sekondari, tukiwa tumekaa nje ya ofisi ya kijiji tukisubiri muhuri. Baadaye alinisimulia tena, na tena, daima kwa maneno yaleyale.

Shule yake ya kwanza kufundisha ilikuwa Biharamulo. Alikuwa kijana, ana viatu vipya na fimbo. Darasani kwake kulikuwa na binti wa Kisubi, kabila la hukohuko, mrefu kuliko wote, na kwa sababu ya urefu huo alimkalisha dawati la mwisho kabisa. Binti hakujibu alipoitwa. Hakuandika imla. Aliposemeshwa alimkazia mwalimu macho mdomoni, jambo ambalo yeye alilichukua kuwa ujeuri. Alimchapa. Alimpigisha magoti mlangoni. Mwaka wa pili alimwita baba yake, akamwambia mbele ya mwalimu mkuu kwamba mtoto huyu ni mzito wa kuelewa, shule si mahali pake. Baba alisema ahsante, Mwalimu. Kesho yake dawati la mwisho lilikuwa tupu.

Siku moja sokoni alimwona mbele yake amebeba kikapu cha mihogo. Akamwita kwa jina. Akamwita tena. Mama mmoja muuza dagaa alicheka, akamwambia, "Mwalimu, huyo hasikii. Zunguka mbele akuone mdomo."

Soko zima lilijua. Muuza dagaa alijua, watoto wa mtaani walijua. Alipolifikiria baadaye, alielewa kwamba hata baba alijua, na alikuwa amesimama ofisini akiambiwa mwanawe ni mzito, na hakusema neno. Angesemaje? Mtu hamfundishi mwalimu kazi yake. Walidhani anajua. Naye hakuuliza, kwa sababu mwalimu akiuliza wazazi juu ya mtoto anaonekana hajui. Adabu ya pande mbili ilikaa katikati, na binti akaishia kulima shambani na bibi yake.

Kisa kiliishia hapo kila mara. Kisha alisema kwamba siku moja atakwenda kumwona. Alikuwa ameingia katika nyumba za Ntobeye zote, nyingi za Mugoma, mpaka Bugarama kwa watoto waliohamia. Nyumba moja tu ilibaki.

Mwaka jana, nilipokuja likizo kutoka Mwanza, nilimkuta amekonda, sauti imepungua. Mnunuzi wa maharage kutoka Bugarama alikuwa amemwambia kwamba yule binti aliolewa upande wa Nyakahura, kulekule Biharamulo, ana shamba, ana watoto wakubwa. Akaniomba nimsindikize. Sikuelewa anahitaji msindikizaji wa nini, maana barabara ile aliijua kuliko mimi. Akasema anataka mtu wa kumzuia asirudi njiani.

Tulikwenda asubuhi. Ndani ya gari alifanya mazoezi ya maneno yake kimya, midomo ikicheza. Alinieleza mpango. Atamwomba msamaha. Kisha, kama mama yule atakubali, atapanga chumba Nyakahura kwa miezi mitatu amfundishe kusoma. Alikuwa tayari na chati alizozichora mwenyewe, amezikunja ndani ya mfuko wa sukari. Alisema sasa anajua namna ya kumfundisha mtu asiyesikia. Alilisema hilo kama mtoto anayesema amelijua jibu.

Uani tulimkuta bibi kizee kwenye mkeka akipukuchua maharage. Mwalimu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha. Alikuwa mama mkwe wa mwenye nyumba, na alikuwa na maneno. Alituambia kwamba walipomletea mkamwana huyu watu walimpa pole kwa kupata bubu. "Bubu gani? Tunagombana tangu asubuhi. Na ugomvi akiuchoka anafumba macho, basi, wewe endelea peke yako."

Mwalimu alicheka kidogo. Ndipo mama mwenyewe akatokea shambani na jembe begani, mrefu kweli, kanga amejifunga kiunoni. Alisimama. Alimtambua, hilo halikuhitaji kuelezwa. Aliweka jembe chini, akanawa, akatuingiza ndani, akaweka kigoda cha Mwalimu mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimwangukia usoni. Yeye akakaa mbele yake, karibu. Bibi akaingia na ungo wake wa maharage.

Mwalimu alizungumza vizuri. Polepole, uso umeinuliwa, hakuficha mdomo kwa mkono. Alisema alimchapa bila kosa, na kwamba aliyeshindwa kuelewa darasani mle alikuwa yeye. Alisema amekuja kuomba radhi.

Mama yule alisubiri mpaka midomo ikatulia. Sauti yake ilipokuja ilikuwa nzito, haipandi wala haishuki.

"Ulijua lini?"

Mwalimu akasema alijua sokoni, aliambiwa na muuza dagaa.

"Lini?"

Kigoda kililia chini yake. "Mwaka uleule," alisema. "Miezi mitatu baada ya baba yako kukutoa."

Nilikuwa nimesikia kisa hicho mara nyingi kiasi cha kuweza kukisimulia mimi. Sikuwahi kuuliza ni lini. Miaka kati ya siku ya ofisini na siku ya sokoni niliiweka mimi mwenyewe, ile iliyohitajika ili binti awe mkubwa, ameshaolewa, imeshachelewa.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema mama.

"Ndiyo."

"Nyumbani kwetu ulikuwa unapajua."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuja?"

Alisema aliona aibu. Alisema kisha akahamishwa Ngara, na miaka ikaenda, na kila mwaka ukafanya safari iwe ndefu zaidi. Bibi alikuwa ameacha kupukuchua. Mama alimtazama mdomo kwa makini kabisa, kama anayetaka asipoteze hata herufi.

"Mama yangu alifua sare yangu kila Jumapili," alisema. "Alisema Mwalimu atakuja. Alifua mpaka ikanibana."

Mwalimu aliinamisha uso, kisha akakumbuka akauinua. Alianza kumweleza habari za watoto wengine: kwamba kwa ajili yake aliingia kila nyumba, kwamba kwa sababu yake hakuna mtoto Ntobeye aliyekaa nyuma mwaka mzima, kwamba mimi hapa ni mmoja wao. Alininyooshea kidole. Mama aligeuka akanitazama, si kwa ubaya, akanitazama kama mtu anavyotazama nguo iliyomfaa mwingine. Kisha akamrudia Mwalimu.

"Hao si mimi," alisema.

Baada ya hapo alisimama akaleta chakula. Sijui ni nani aliyekipika, wala lini. Alitumiminia maji tukanawa, akatupakulia ndizi na maharage, akakaa mpaka akahakikisha tumekula. Bibi aliuliza bei ya maharage Mwanza nikamjibu. Mwalimu alikula chote alichowekewa. Alipomaliza alivuta ule mfuko, akatoa chati moja, akaifungua magotini, akasema kuhusu miezi mitatu, kuhusu chumba.

Mama aliitazama chati kwa muda. Ilikuwa imechorwa vizuri: midomo kumi na minane, kila mmoja umefunguka kutamka herufi yake. Aliikunja mwenyewe, kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia.

"Kusoma sitaki," alisema. "Nilitaka uje."

Kwetu mgeni aliyekula hasimami peke yake. Husindikizwa, angalau mpaka migomba inapoishia, na wenye moyo hufika barabarani, wakabeba na mzigo. Bibi aliweka ungo chini akaanza kunyanyuka kwa shida, akishika ukuta. Mkamwana wake alimwekea mkono begani, akamrudisha chini taratibu.

Tukatoka. Nilitangulia mimi. Hatua nne au tano kutoka kizingitini Mwalimu aligeuka, na mimi nikageuka. Mama yule alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya ubao wa mlango, macho yake kwenye midomo ya Mwalimu. Alikuwa anangoja. Midomo ilifunguka. Ikatikisika, ikafumba, ikafunguka tena, na hakuna kilichotoka ambacho mimi ningeweza kusikia au yeye kukiona. Alimngoja kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningeweza mimi. Kisha akaufunga mlango.